Mkasi wa Bati ni wa Nani?

Watu wa Mwanza tunaijua Makoroboi kwa mitumba, viatu na kusukumana na machinga. Jina lenyewe limetokana na mafundi bati waliokaa pale wakigeuza makopo matupu kuwa koroboi, miiko na vyombo vingine vya nyumbani. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao.

Nikisema alikuwa fundi nimesema nusu tu. Baba alikata bati na kulikunja. Mama ndiye aliyelehemu, na hapo ndipo palipokuwa na kazi: chuma kinatakiwa kiive kwenye mkaa hadi kiyeyushe risasi, lakini kikiwa chekundu kimeharibika. Kisha alizamisha kopo kwenye beseni, akapuliza kwenye mrija na kuangalia kama litatoa mapovu, kwa sababu koroboi inayovuja huchoma nyumba ya mtu. Sisi watoto tulisokota tambi kwa vipande vya pamba vilivyotupwa na washonaji. Wateja kutoka Ukerewe walichukua kwa dazeni. Baadaye wavuvi wa dagaa wakaanza kuleta karabai zilizogoma pampu, hasa giza la mwezi lilipokaribia, na Mama akazijua kuliko Baba. Leo taa za sola zimeimaliza kazi hiyo, na sisikitiki. Moshi wa koroboi naujua.

Ninachosikitikia ni siku ya kumaliza matanga. Baba mdogo alisema kwa upole kabisa, "Shemeji, vifaa vya kaka tunavibeba. Vile ni vitu vya kiume." Wakabeba fuawe, nyundo, mikasi ya bati na hata vyuma vya kulehemu, ambavyo Baba hakuwa akivishika. Mama aliambiwa asiwe na hofu, watoto watamtunza. Mimi mkubwa wao nilikuwa darasa la sita.

Ukoo wetu haukuzua jambo. Tangazo la Sheria za Mila la 1963 linasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Sasa weka hilo kando ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya wanandoa wanapoachana. Kwa hiyo mke aliyepewa talaka anaweza kudai jasho lake, na mke aliyevumilia hadi akamzika mumewe anaambulia pole. Mama angemwacha Baba mwaka mmoja kabla, huenda angebaki na vyuma vyake.

Wapo watakaosema kumpa mjane fungu ni uzungu. Basi tuwatazame hao wazungu, tena wa zamani. Mwaka 1738, Marekani ikiwa bado makoloni ya Uingereza, mpiga chapa Lewis Timothy alifariki katika mji wa Charleston. Mbia wake alikuwa Benjamin Franklin, mtoto wa mtengeneza mishumaa wa Boston, ambaye akiwa na miaka 10 alikuwa akimkatia baba yake tambi. Sheria ya huko haikumpenda mwanamke. Mjane wa Timothy, Elizabeth, alilitoa gazeti lao kwa jina la mwanawe. Lakini mitambo ilibaki mikononi mwake. Franklin aliandika kwamba mama huyo alimletea kila robo mwaka hesabu safi kuliko za mumewe, na mwishowe aliununua ubia wote. Ukoo haukuja kubeba herufi za risasi.

Huku kwetu wajane wawili wa Kisukuma kutoka mkoa wa Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu kuipinga sheria hiyo ya mila. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kuwa ina ubaguzi, ikakataa kuifuta. Walifika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, nayo mwaka 2015 iliwapa haki na kuitaka Tanzania iirekebishe. Mama alikuwa ameshaanza upya kitambo, kwa mkasi wa kuazima.

Kuifanyia kazi kauli ya kamati hiyo hakuhitaji fundi kutoka nje. Kunahitaji muswada, na wabunge wetu wa Kanda ya Ziwa wanaijua njia ya Dodoma.