Koki Moja, Ukuta Mzima

Sisi wapangaji wa Gudele, hapa Juba, tumechoka. Koki ya bafuni ikianza kuvuja hatuigusi tena, tunaikingia ndoo tu, maana tunajua yatakayofuata fundi akishika spana.

Wiki iliyopita tulithubutu. Fundi akaibana soketi kwa spana moja, akazungusha koki kwa nyingine, polepole, pumzi kaishika. Ta! Soketi ikapasukia ndani ya ukuta, kipande kikabaki kwenye meno ya koki kuukuu. Chini ya tangi hakuna vali, basi maji yakamwagika yote huku watoto wakikimbizana na mabeseni na majerikeni. Na ni maji ya boza hayo, yamevutwa Nile, tumeyalipia! Mtaani kwetu bomba la mji halijafika.

Tazameni bomba linaloshuka kutoka tangini. Ni plastiki nyembamba, limepitishwa nje ukutani, linapigwa jua la Juba kutwa, na mwezi wa Machi joto hufika nyuzijoto 40. Lilikuwa la kijivu, sasa limepauka. Ukilikwaruza kwa ukucha unatoka unga mweupe. Jua limelila. Plastiki hii ya PVC ikianikwa hivyo miaka, bila rangi wala kifuniko, inakauka na kupasuka kama ganda la yai.

Mafundi wanalijua hili na wametuambia: soketi ziwe na meno ya shaba, vali ikae chini ya tangi, bomba la nje lipakwe rangi au lizikwe. Lakini madukani tunakuta mabomba mepesi, ukiyabonyeza yanabonyea, na bei yake ina safari yote ya kutoka Uganda kupitia mpaka wa Nimule. Enyi wafanyabiashara, tuleteeni mazito. Tutanunua, kwa sababu haya mepesi tunayanunua mara tatu.

Nawe mwenye nyumba, kodi unaitaka kwa dola na kwa wakati. Mfumo mbovu uliuweka wewe. Kwa nini kila ufa uwe wa mpangaji?

Siku ile fundi alivunja vigae viwili akitafuta bomba zima la kuungia. Alipokata, kiwiko nacho kikapasuka, akavunja kigae cha tatu. Hadi leo ukutani pana tundu la kuingia sufuria. Koki mpya iko dirishani, ndani ya mfuko wake, nasi tunaoga kwa kopo. Mwenye nyumba simu anapokea, kuja haji.