Kanzu si Vazi la Jukwaani

"Ngoma ya wanaume waliovaa nyeupe." Ndivyo nilivyoikuta Maulidi ya Homu imetangazwa mlangoni pa hoteli moja ya pwani yetu, chini ya saa za chakula cha usiku.

Homu si ngoma. Ni sifa za Mtume, na asili yake ni tarika ya Rifai, aliyefariki Iraki mwaka 1182. Wasomaji hupiga magoti bega kwa bega, matari mbele yao, wakaanza kwa utulivu ambao mgeni huudhani uvivu. Kichwa huinama, mkono huinuka, safu nzima ikawa wimbi moja, na mwendo huzidi kidogo kidogo hata kanzu zikalowa jasho. Ule upole wa mwanzo ndio unaoizaa ile kasi. Hotelini upole umekatwa. Wameanzia penye kasi, dakika kumi, makofi, kisha akaja mcheza sarakasi.

Naambiwa: "Bora iuzwe kuliko ife." Hoja hiyo siibezi, maana vijana wanakula, na kundi la Mtendeni limeisoma hata mbele ya hadhara ya Sauti za Busara. (Wanaoiita bidaa nao wana lao; si leo.) Lakini kinachouzwa ni nini? Meneja alitaka vijana wafungwe vitambaa vyekundu viunoni ili picha zipendeze. Kanzu ile ndiyo ya Ijumaa, ndiyo ya kuzikia. Kofia ile ya viua imeshonwa kwa mkono, tundu kwa tundu. Mtu haivui akimaliza Homu. Hurudi nayo nyumbani.

Wahopi wa Arizona, Marekani, wanalijua chungu hili. Ngoma zao za ibada hazipigwi picha, na mwaka 2013 vinyago vyao vya kuvaa usoni viliponadiwa Paris juu ya pingamizi lao, mnadani waliona sanaa. Wao waliona viumbe hai.

Sisemi wageni wafukuzwe. Anayeitaka Homu na aje Mfungo Sita, avue viatu, akae mkekani, arashiwe marashi kama sisi, asubiri. Akichoka kabla kasi haijaingia, mlango uko wazi, na viatu vyake vipo kizingitini.