Jina Lisilotangazwa

Aghalabu wanafunzi wa Kiswahili huliona suala la maana ya jina kuwa milki ya isimu na fasihi pekee. Dhana hiyo haina mashiko. Wahandisi wa kielektroniki nao wamelitungia sheria, tena kali kuliko za sarufi yoyote, kwa kuwa saketi ikishachongwa katika silikoni haifutiki kwa kifutio. Sheria hizo zimo katika viwango rasmi vya lugha za kuelezea maunzi, yaani lugha ambazo mhandisi huzitumia kuandika umbo na utendaji wa saketi kabla haijaundwa. Mbili kati ya lugha hizo ni VHDL, iliyosanifishwa na taasisi ya IEEE mwaka wa 1987, na Verilog, iliyosanifishwa na taasisi iyo hiyo mwaka wa 1995. Zinahitilafiana katika swali hili: jina likikutwa bila kutangazwa, lifanyweje?

VHDL hulikataa. Verilog, katika miktadha fulani, hulikisia. Chukua mfano wa mhandisi aliyetangaza waya uitwao "jumla" wenye upana wa biti 8. Anapouunganisha na moduli inayotoa thamani, kidole kinateleza, anaandika "jumula". Kiwango hakisemi kwamba pana kosa. Papo hapo kinazaa waya mpya uitwao "jumula", wenye biti 1 tu. Biti 7 zilizosalia haziendi kokote, na "jumla" halisi inabaki ikisubiri thamani isiyofika. Ni kweli kwamba programu nyingi zinazosoma maelezo hayo hutoa onyo kuhusu upana usiolingana. Hata hivyo, onyo si katazo, na anayekosea jina la waya wa biti 1 hana hata tofauti ya upana ya kumzindua.

Wapo wanaoutetea utaratibu huu, na hoja yao si ya kubezwa: anayeunganisha mamia ya malango ya mantiki huchoshwa na kutangaza kila kiwaya. Mwaka wa 2001 kiwango kiliongezewa agizo la kuuzima ukisiaji huo, lakini sharti mwandishi alitoe mwenyewe. SystemVerilog, lugha iliyoirithi Verilog, bado inakisia hadi katika toleo lake la 2023 asipoizuia mtu. Hii ni tiba iliyopinduliwa. Aliyechoka ndiye angeomba kukisiwa, si aliye makini kuomba asikisiwe.

Verilog ina jambo jingine ambalo mwanafasihi atalitambua upesi. Jina la kitendaji lisipopatikana ndani ya moduli, hutafutwa katika moduli iliyo juu yake, kisha juu zaidi. Kwa hiyo matini moja, bila kubadilishwa hata herufi, yaweza kurejelea vitu viwili ikiwekwa mahali pawili. Ni kama agizo "mwulize mama": jibu hutegemea limetolewa katika nyumba ipi. Katika mazungumzo, huo ni utajiri. Katika saketi ni mtego, kwani anayeisoma moduli peke yake hawezi kujua inasema nini.

VHDL imelifikiria pia tatizo la wingi. Vifurushi viwili vikifunguliwa pamoja, na kila kimoja kina kitu chenye jina lile lile, hakuna kinachopendelewa. Ukiacha majina yanayoruhusiwa kushirikiana, kama ya vitendaji, yote mawili hufichika mpaka mwandishi ataje jina kamili pamoja na kifurushi chake. Wengine huuona uamuzi huu kuwa ukaidi. La hasha! Ni uaminifu kwa msomaji.

Sheria hiyo ingewafaa sana waandishi wa tasnifu za Kiswahili. Neno "tungo" katika sintaksia ni neno, kirai, kishazi au sentensi. Katika ushairi ni shairi. Mtafiti wa mtindo wa mashairi hufungua vifurushi vyote viwili, kisha huandika "tungo" kurasa nzima akimwachia msomaji akisie. Sehemu ya ufafanuzi wa istilahi ipo katika sura ya kwanza, lakini mara nyingi hujazwa maneno yasiyomtatiza yeyote, kama vile "fasihi" na "jamii". Wasimamizi wangeanza kwa kuirudisha kila sura ambamo "tungo" imetumika kabla ya kutangazwa.