Kwa Nini Hadithi za Utii Hurudi Karne ya 19

Mwandishi wa hadithi za watu wazima kuhusu utii na adhabu ya hiari hupenda kuwapeleka wahusika wake Uingereza ya Malkia Victoria. Sababu iko wazi. Kila mtu alijua mahali pake: bwana sebuleni, kijakazi jikoni, kengele ya kumwita ukutani. Adabu zikibana namna hiyo, hata kuvua glavu mbele ya mtu huwa tukio.

Tena zama zile zenyewe ziliyaandika mambo haya kwa siri. Mwaka 1857 Bunge lilipitisha sheria dhidi ya machapisho ya ngono, lakini vitabu vya viboko viliendelea kuuzwa London kwa mlango wa nyuma. Mfanyabiashara Henry Spencer Ashbee alivikusanya kwa bidii, na alipofariki mwaka 1900 aliiachia British Museum mkusanyo huo, pamoja na hazina yake ya vitabu vya Cervantes. Sarah Waters alimtumia kama kielelezo cha mjomba katika riwaya yake Fingersmith ya mwaka 2002.

Mvuto huo hauna ubaya. Kasoro huanza mwandishi anapochukua jumba na mavazi, akaziacha sheria za wakati huo. Jeshi la Uingereza lilifuta adhabu ya mijeledi mwaka 1881 tu. Ni mwaka 1891 ndipo Mahakama ya Rufaa ilipotamka kwamba mume hana haki ya kumfungia mkewe ndani. Na nje ya Uingereza, soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa wazi hadi lilipofungwa mwaka 1873. Aliyekuwa chini hakuulizwa kama ameridhia.

Mwaka huohuo wa 1873, Hannah Cullwick, kijakazi kutoka Shropshire, alifunga ndoa ya siri na Arthur Munby, mwanasheria na mshairi. Kwa miaka mingi Hannah alivaa mnyororo shingoni, ufunguo wa kufuli yake akiwa nao Munby. Kwa ombi la Munby aliandika shajara: viatu alivyong'arisha, sakafu alizosugua akiwa amepiga magoti. Lakini Munby alipomtaka aishi kama bibi wa heshima, Hannah alikataa. Kazi yake aliionea fahari. Shajara hizo zimehifadhiwa Trinity College, Cambridge.

Hapo ndipo penye hadithi yenyewe: mwanamke mwenye mnyororo shingoni, na bado neno lake lina uzito. Waandishi wa hadithi hizi wazisome shajara za Hannah kabla ya kuchora jumba jingine lenye kijakazi asiye na kauli.