Kupigana vita si hati ya kudai kura zetu





Kila msimu wa uchaguzi Kisenyi hupata wageni. Magari yenye vipaza sauti hupita kati ya mashine za kusaga unga wa posho na maduka ya majirani zetu Wasomali, na miongoni mwa wanaoshuka humo hakosekani mzee wa jeshi. Hotuba yake tunaijua: nilikuwa msituni, nililala na njaa, niliwakomboa. Kisha anadai kura kama mwenye duka anavyodai deni lake. Sisi tunasema deni hilo halipo.

Tusieleweke vibaya. Vita vilivyoanza Kabamba tarehe 6 Februari 1981 havikuwa mchezo, na watu wa Luwero walikufa kwa maelfu. Aliyejitolea ana heshima yake na ana haki ya pensheni. Raia waliowaficha na kuwalisha wapiganaji wana haki ya ile akasiimo waliyoahidiwa. Lakini haki hizo hulipwa na hazina ya serikali, hazilipwi kwa kura. Na tazameni nani anayepanda jukwaani: ni wakubwa wenye nyota mabegani. Askari wa kawaida na wajane wao ndio wanaozunguka maofisini na mafaili yao wakiomba walipwe.

Nchi hii imeshaonja ahadi za wanajeshi. Tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin aliposhika madaraka, redioni zilisomwa sababu 18. Alisema yeye ni askari tu, si mwanasiasa, na kwamba serikali yake ni ya muda mpaka uchaguzi ufanyike. Wengi Kampala walishangilia. Uchaguzi haukuja, naye alikaa miaka 8, mpaka Aprili 1979. Sisi Waislamu tuna sababu ya ziada ya kulikumbuka hilo. Kwa kuwa alikuwa wa dini yetu, wapo waliotuhesabu sote kuwa watu wake, na mwaka ule ule wa 1979 Waislamu waliuawa katika sehemu za Ankole, watu ambao hawakushika bunduki wala cheo. Ahadi ilivunjwa Ikulu, gharama ikalipwa kijijini.

Mwaka 1996 Yoweri Museveni alishindana na Paul Ssemogerere, ambaye hakuwa mwanajeshi. Matangazo ya kampeni yakaonyesha mafuvu ya Luwero, kana kwamba kumchagua Ssemogerere ni kuyarudisha mauaji yale. Lakini Ssemogerere alikuwa waziri katika serikali hiyo hiyo ya Museveni mpaka 1995! Kama alikuwa wa kuogopwa kiasi hicho, mbona alikabidhiwa wizara? Mafuvu yalikuwa ya kweli, na marehemu wale ni ndugu zetu. Kilichotungwa ni maana waliyopachikwa. Ndiyo maana uongo wa namna hii ni mgumu kuukamata: umepandwa juu ya jambo la kweli.

Mwaka 2001 ilani ya Museveni ilisema muhula ule ungekuwa wake wa mwisho. Mwaka 2005 kikomo cha mihula kikaondolewa kwenye Katiba. Mwaka 2017 kikaondolewa na kikomo cha umri wa miaka 75. Akagombea 2006, 2011, 2016, 2021 na 2026. Hebu tujiulize: mfanyabiashara wa Owino akikuahidi hivyo kuhusu mzigo wa nguo, utampa pesa mara ya pili?

Mizani hii ni ya wote. Kizza Besigye, kanali mstaafu aliyekuwa daktari wa wapiganaji msituni, aligombea mara 4 kuanzia 2001. Mwaka 2021 wagombea urais walikuwa 11, na 3 kati yao walikuwa majenerali wastaafu: Museveni, Mugisha Muntu na Henry Tumukunde. Kumpinga jenerali mmoja hakumfanyi jenerali mwingine kuwa mkweli. Naye aulizwe kama mwenzake.

Na wengine wako njiani. Askari wa Uganda wamepelekwa Somalia tangu Machi 2007, na kesho baadhi yao watakuja kuomba kura wakisema waliiokoa Mogadishu. Hapa Kisenyi wapo watu waliotoka Mogadishu wenyewe. Waulizeni wao kabla ya kupiga makofi.

Tukumbuke Sayyidna Umar. Aliposhika ukhalifa mwaka 634 alimwondoa Khalid bin Walid kwenye ukamanda mkuu wa Sham, mshindi wa vita vingi kiasi kile, ili watu wasidhani ushindi unatoka kwa mtu mmoja. Khalid hakudai ukhalifa kama malipo. Aliendelea kupigana chini ya Abu Ubayda. Huyo ndiye shujaa.

Basi mgombea mwenye magwanda akija mtaani kwetu, aulizwe maswali matatu. La kwanza: unayosema ulifanya vitani, nani mwingine aliyekuwepo anayathibitisha? La pili: uliyoahidi mara iliyopita yako wapi? La tatu: utaondoka lini, na nani atakushika mkono siku ikifika? Akijibu la pili na la tatu kwa hadithi za msituni, mshukuruni kwa hadithi, kura mbaki nayo.

Wazazi, wafundisheni watoto maswali haya nyumbani. Wengi wao hawakuwepo 1986, kwa hiyo ni rahisi kuwatisha kwa yale wasiyoyaona. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuihakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi, na haikuwatoa majenerali.

Allah atupe viongozi wakweli na raia wanaouliza. Aamin.

Wabillahi tawfiq.