Pikipiki inazimika njiani, inakataa kuwaka



Majuzi kijana mmoja motari alifika kwangu hapa Baraka akisukuma pikipiki, jasho linamtoka. Alikuwa anamleta mama mjamzito hospitali kutoka upande wa Fizi. Katikati ya mlima pikipiki ikazimika. Akapiga kiki mpaka mguu ukachoka. Bahati motari mwingine akapita, akamchukua mama.

– Papa, asubuhi ilikuwa inatembea muzuri!

– Esansi ulinunua wapi?

– Kwa kadafi, chupa mbili.

Nikalegeza bisi ya chini ya karbirateri, nikakinga kwa glasi. Chini maji, juu esansi. Ugonjwa ndio huo.

Injini inataka vitu vitatu: esansi safi, cheche ya buji na hewa. Kimoja kikikosa, haiwaki. Basi usipige kiki kwa hasira. Tafuta kwa utaratibu.

1. Vitu vidogo kwanza. Kontakti iko wazi? Kitufe cha kuzimia kwenye usukani hakikuguswa? Robine je? Igeuze kwenye rezerve, kisha tingisha tanki usikie kama esansi imo. Wengi wamesukuma pikipiki kilomita nyingi kwa sababu ya robine tu.

2. Kifuniko cha tanki. Kina kitundu kidogo cha kuingiza hewa. Vumbi na tope la njia ya Misisi vikikiziba, esansi haishuki. Fungua kifuniko. Ukisikia hewa inavutwa ndani, kisha baada ya muda kidogo injini inawaka, zibua kitundu hicho.

3. Maji ndani ya esansi. Lita moja ya maji ni gramu 1000, lita ya esansi ni kama gramu 750. Kwa hiyo maji yanakaa chini, na karbirateri inanyonya kutoka chini. Injini ikiwa imepoa, funga robine, legeza bisi ya karbirateri, mwaga yote, kaza tena. Tanki likiwa na maji mengi, limwage pia.

4. Buji. Itoe. Ikiwa kavu kabisa, pengine esansi haifiki. Ikiwa imelowa, esansi imezidi: ipanguse, irudishe, funga shoki, fungua gesi yote, piga kiki mara chache. Ikiwa nyeusi kwa masizi, isugue. Kuangalia cheche, iingize kwenye kofia yake, iegemeze kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake na mbali na esansi iliyomwagika, halafu piga kiki. Usiishike kwa mkono. Cheche ya buluu ni nzuri. Hakuna cheche? Jaribu buji mpya. Ikikataa, angalia waya na bobini.

5. Inazimika ikipata joto, inawaka ikipoa. Kama kifuniko cha tanki ni kizima, mara nyingi ni bobini iliyochoka au supapu zilizobana. Hapo nenda kwa fundi, usibahatishe.

Neno moja kwa wanaovuka mito wakati wa mvua. Pikipiki ikizama na kuzimika, USIPIGE KIKI. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, bieli inaweza kupinda, na hapo utalipa pesa nyingi. Toa buji kwanza, sukuma kiki polepole maji yatoke, kausha filtri ya hewa, ndipo ujaribu. Kama oili imekuwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia: ibadilishe kabla ya kuendelea.

Mwisho, esansi ya njiani iweke kwanza kwenye chupa nyeupe, iache itulie, tazama chini yake. Kitambaa kinazuia takataka, hakizuii maji. Na mfukoni usikose buji moja mpya na ufunguo wake.

Yule mama alijifungua salama jioni ile. Kijana alikwenda hospitali kumrudishia nauli yake. Alifanya vema. Lakini dakika tano za kutazama chupa zingetosha.

Mwezi ujao: breki kwenye mteremko.