Safari Rally: kwa nini lawama za tairi huishia FIA?

Elfyn Evans wa Toyota alishinda Safari Rally ya Machi 2025 nchini Kenya, lakini mashabiki walizungumza pia juu ya pancha. Kwa nini dereva asifunge tairi ngumu zaidi?

Jibu ni kwamba haruhusiwi kununua anakotaka. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, huteua kampuni moja kwa timu zote kubwa: Pirelli kuanzia 2021 hadi 2024, na Hankook tangu 2025. Idadi ya tairi ina kikomo, na gari hubeba spea zisizozidi mbili. Lengo ni kupunguza gharama na kuleta usawa. Ila tairi ikiwa dhaifu, ni dhaifu kwa wote.

Ushindani wa kampuni nao haukuwa dawa. Juni 19, 2005, kwenye Formula 1 mjini Indianapolis, Marekani, Michelin ilikiri kuwa tairi zake si salama kwenye kona moja ya kasi. Iliomba kona hiyo ipunguzwe kasi, FIA ikakataa. Magari 14 yalijitoa, yakashindana 6 tu. Watazamaji walizomea, na Michelin ndiyo iliyogharimia kurudishiwa fedha za tiketi.

Anayesafiri kati ya Kilwa na Lindi anajua kwamba tairi hukaguliwa kabla ya safari. Mashabiki wanadai hilohilo: sio sheria zilegezwe, bali wajulishwe mapema nini kitafanyika tairi zikishindwa, na nani ataamua.